Pindua Mfuko Kwanza

12 Januari

Wifi yangu Chiriku,

Nakusalimu kwa vidole vilivyojikunja, maana leo ni siku ya nguo nyeupe na nimeshinda majini tangu asubuhi. Huku hatujambo. Binti yako mkubwa, yule niliyekuzalia mimi, amehamia nyumba ya ghorofa ya tatu na sasa akija kwangu anasifia sakafu yangu kwa kuwa haina ngazi. Mwanao fundi umeme anawasha nyumba za watu mji mzima, lakini taa ya uani kwangu imezimika tangu mwezi wa kumi. Nikimkumbusha ananijibu, "Mama, wiki hii." Wiki yenyewe hasemi ni ya mwaka gani. Mtaani bado wananiita Mama Wanga kwa sababu ya ule wanga ninaotia kwenye kola, na bado mgeni akilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza anavuka upande wa pili wa barabara.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Mafao ya marehemu kaka yako yametoka. Miaka yote ile aliyotunza stoo ya hospitali imekuja kwa mkupuo mmoja, imekaa benki inaniangalia. Tangu habari zienee nimekuwa mrembo ghafla. Watu ambao hawakunijulia hali mwaka mzima wanaleta hodi. Mwanao anataka tununue gari la kukodisha. Jirani muuza vyombo ana wazo lake la kuagiza sufuria. Kila mmoja ananihakikishia kwamba pesa itazaa, ila hakuna anayesema atakayelea ni nani.

Mimi nataka kitu kimoja tu. Pesa ikae, na itoe. Nile mayai, kuku abaki bandani. Redioni nilimsikia mtu anaeleza habari ya mifuko ya gawio: unanunua vipande vya mfuko pale soko la hisa kama unavyonunua hisa yoyote, ndani ya mfuko mna hisa za kampuni nyingi, na kampuni zikipata faida unatumiwa fungu lako. Nilicheka mpaka nikakaribia kuunguza shati la mtu. Mifuko nimeipindua maisha yangu yote, sikujua kumbe inauzwa.

Wewe uko huko huko kwenye kampuni ya mifuko hiyo. Nieleze nichague vipi. Usinipigie simu. Kwenye simu unasema kama mtu anayefukuzwa na mbwa, mimi naitikia ndiyo, ndiyo, nikikata sikumbuki hata moja. Andika, nisome, nirudie. Kwa nini nataka pesa ya kuingia mara kwa mara, hizo ni sababu zangu, usiniulize.

Utakuja lini? Kitanda chako kina shuka safi, na unajua shuka safi la kwangu lilivyo.

Mama Wanga


3 Februari

Wifi mpendwa, mwanamke mrembo wa ghafla,

Barua yako imefika ikiwa na harufu ya sabuni mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza nimenunua mafuta gani mapya. Mimi ni mzima. Mafua yalinishika kwa baridi, yakaniachia. Chumba changu kimepakwa rangi ambayo mwenye nyumba anaiita maziwa na mimi naiita mchuzi. Mwambie mwanangu fundi umeme kwamba shangazi yake ameuliza kuhusu taa ya uani, na kwamba shangazi ana mdomo na anajua namba ya simu ya mchumba wake.

Kuhusu mifuko. Kwanza ujue mimi hapa si mshauri. Mimi ni wa kupokea simu. Mteja akiniuliza anunue nini, natakiwa nimwambie amuulize mtaalamu, na nikimshauri mwenyewe nafukuzwa kazi. Lakini wewe si mteja, wewe ni wifi, na hakuna sheria iliyowahi kuwaweza mawifi.

Unakumbuka ulinifundisha nini likizo ile niliyokusaidia kufua? Nilitumbukiza koti la mwalimu mkuu kwenye maji na kalamu ya wino mfukoni. Ulinitazama, ukasema, "Dobi hafui kabla ya kupindua mfuko." Basi na hii ni hivyo hivyo. Mfuko wowote watakaokuonyesha, usitazame jina lake wala picha ya mzee anayecheka kwenye karatasi. Upindue. Uliza ndani mna nini. Mna kampuni ngapi? Zote ni za kazi moja, au zimechanganyika? Kama zote ni benki, siku benki zikipata mafua wote mnapiga chafya. Hakuna dobi anayeanika nguo zote kwenye kamba moja.

Pili, utaonyeshwa mfuko wenye mavuno makubwa ajabu. Asilimia kumi na nne, kumi na tano. Ukimbie. Hiyo asilimia ni gawio la mwaka mmoja likipimwa kwa bei ya leo. Bei ikianguka, asilimia inapanda yenyewe, ingawa hakuna aliyeongeza hata senti. Watu wanaona namba kubwa wanadhani ni ukarimu, kumbe ni homa. Ngoma ikilia sana hupasuka. Tafuta ule unaotoa kiasi cha wastani lakini umetoa mwaka hadi mwaka bila kukosa, na ikiwezekana umeongeza kidogo kidogo. Tatu, ada. Wanakata kila mwaka, iwe jua iwe mvua, kwa hiyo chukua wenye ada ndogo.

Upo mmoja wa hapa kwetu ambao nimekuandikia jina lake kwenye kikaratasi. Sikutajii kwa kuwa ni wa kwetu. Nakutajia kwa kuwa malalamiko ya mifuko yote yanapita sikioni mwangu, na ya huu ni machache. Unalipa mara nne kwa mwaka. Nenda kwa dalali wa hisa yeyote mwenye leseni, atakununulia. Atakuuliza unataka ule unaokusanya au ule unaogawa, maana uko wa aina mbili. Wewe si mtoto, unajua unachotaka.

Na usinunue kwa pesa yote. Bakiza benki ya kukutosha miezi kadhaa, ya ugonjwa na ya mambo ya ghafla.

Kuja, wifi, kazi zimebana. Tutaona katikati ya mwaka.

Chiriku


1 Machi

Chiriku wangu,

Barua yako nimeisoma mpaka imelainika. Hapa tu wazima, na mjukuu wako ameota meno mawili anayoyajaribu kwenye kila kitu, pamoja na kidole changu. Mwanao baada ya salamu zako alikuja na ngazi, akaitazama taa, akasema inahitaji kifaa fulani, akaondoka na ngazi.

Nimefanya. Nilivaa gauni la bluu, lile kaka yako alilokuwa akisema linanifanya nionekane kama mkuu wa shule, nikapanda hadi kwenye ofisi ya dalali iliyo juu ya duka la vioo. Nikahudumiwa na binti mwenye kucha ndefu hivi, sijui anajikuna vipi. Alianza na ule wa asilimia kumi na tano, kama ulivyotabiri. Nikamwambia, "Mwanangu, pindua mfuko nione." Akanitazama. Nikamfafanulia. Akaleta karatasi nyingine, kumbe ndani mna kampuni chache tu na mbili zimeacha kulipa. Nikamwambia huo ampe mtu mwenye haraka.

Tukaja kwenye wa kwako. Kampuni zaidi ya mia: za dawa, za maji, za vyakula, za simu, hata moja ya kutengeneza sabuni, nikaona hapa nipo nyumbani. Ada ndogo. Akaniuliza lile swali la aina mbili, nami nikamjibu pale pale bila kusita, mpaka akanisifu. Nimewakusanyia watu nguo zao miaka yote hii, nikawagawia zikiwa safi, nikabaki na maji machafu. Sasa ni zamu yangu.

Nikasaini. Herufi moja moja, sikufichi. Lile ni jasho la kaka yako, na kaka yako hakuwa mtu wa kutoka jasho ovyo.

Mwezi ujao nawaambia wale wa nyumba ya wageni watafute dobi mwingine wa mashuka. Mashuka ni mazito yakilowana. Ni hilo tu.

Katikati ya mwaka umesema. Nimeandika kwenye kalenda ya ukutani kwa wino, si kwa penseli.

Mama Wanga


28 Machi

Wifi,

Mkuu wa shule! Nimekuona kabisa na gauni lako, na nimemhurumia yule binti mwenye kucha. Hapa hatujambo. Wamenibadilishia meza, sasa nakaa karibu na dirisha na naona watu wakikosa basi.

Hongera. Kwa jinsi ulivyopindua mfuko wa watu, ningekuwa na uwezo ningekuajiri. Gawio la kwanza litaingia mwisho wa mwezi wa nne. Mpaka hapo kuna mambo mawili. Bei ya vipande vyako itapanda na itashuka, usiitazame kila siku. Wateja wanaoitazama kila siku ndio wanaonipigia simu wakilia. Na gawio si mshahara. Hakuna aliyekuahidi kiasi. Kampuni zikipata mwaka mbaya, na lenyewe linapungua. Usilitumie kabla halijaingia.

Binti yetu ameniambia unakohoa. Wewe hukuniambia. Unakohoa nini?

Chiriku


4 Mei

Wifi,

Salamu. Wote wazima. Gawio limeingia, asante sana. Mashuka nimeacha. Kikohozi ni vumbi la barabara, wanachimba mtaro.

Mvua imeanza, nguo hazikauki.

Mama Wanga


23 Mei

Wifi yangu,

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko urefu wake. Wewe ambaye salamu zako huchukua ukurasa mzima, umeniandikia kama mtu anayetuma telegramu kwa pesa ya kuazima.

Sasa nikwambie kitu, na nakuomba ukae kitako. Gawio la mwezi wa nne halikulipwa mwezi wa nne. Mahesabu yalichelewa, kampuni ikatangaza kwamba litalipwa katikati ya mwezi wa tano. Simu hapa zililia siku mbili mfululizo, mpaka sikio langu la kulia likawa jekundu. Watu wameuliza, wametukana, mzee mmoja alinisomea shairi la kuomboleza pesa zake. Wewe peke yako, duniani kote, ndiye uliyelipwa kabla ya hapo. Na ukashukuru.

Halafu karatasi yenyewe. Pembeni ina alama ya kahawia iliyochongoka. Nimefua na wewe, wifi, naijua pua ya pasi. Umeandika juu ya meza ya kupigia pasi, na pasi ilikuwa ya moto. Mtu aliyeacha mashuka anapiga pasi nini wakati wa mvua, haraka kiasi cha kuunguza barua?

Sijakasirika. Nimeogopa. Kuna kitu huniambii, na mficha maradhi kifo humuumbua. Niandikie ukweli, hata kama ni mbaya, hata kama umetia pesa yote kwenye sufuria za jirani.

Chiriku


30 Juni

Wifi,

Sijapata jibu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi mshindo siupendi. Binti yetu nikimpigia anasema mama yupo, anafua. Anafua! Mtu huyo huyo ambaye ameacha.

Wengine wote walilipwa tarehe kumi na tano mwezi wa tano. Kama na wewe ulilipwa, niandikie neno moja, ndiyo, nitanyamaza. Kama hukulipwa, niandikie chochote.

Nakupenda. Sijui kama niliwahi kukuandikia hilo. Mawifi hatuandikiani hivyo, lakini basi, limeshaandikika.

Chiriku


8 Julai

Chiriku, mdogo wa mume wangu,

Nakuandikia nimekaa kwenye kiti, si kwenye meza ya pasi. Wote wazima isipokuwa mimi. Nianzie hapo.

Mwaka jana mwishoni daktari aliniambia kifua changu kimechoka na mvuke na ile dawa ya kung'arishia. Akasema niache mashuka na vyeupe, nibaki na kazi nyepesi, au mapafu yatanikatalia. Nikamuuliza kodi ya chumba cha kazi atalipa nani. Akacheka, nikacheka, nikakohoa. Ndiyo maana nilitaka pesa inayoingia. Sikutaka kukuambia kwa sababu ningekuambia ungeanza kunitumia wewe, na wewe ni mtu wa chumba kimoja kilichopakwa mchuzi.

Sasa la mfuko. Hakijaingia kitu. Si mwezi wa nne, si wa tano, si leo. Tarehe mbili Mei nilipanda kwa dalali. Binti wa kucha alikuwa likizo. Nikamkuta kijana mwingine, akafungua kompyuta yake, akatazama, akasema, "Mama, mfuko wako huu hautoi." Basi. Hautoi. Nilishika ukingo wa meza yake. Nilitaka kuuliza, lakini nyuma yangu kulikuwa na watu wenye tai wamesimama. Nikasema asante. Wifi, nilisema asante! Nikashuka ngazi, nikapita kwenye vile vioo vya dukani, nikamwona mwanamke aliyepoteza jasho la mumewe, amevaa gauni la bluu.

Nikaenda moja kwa moja nyumba ya wageni kuomba mashuka yangu nirudishiwe. Walikuwa bado hawajapata mtu.

Ningekuambiaje wewe? Ni pesa ya kaka yako. Wewe hujawahi kunidai hata kijiko cha marehemu, hukuuliza mirathi, hukuuliza chochote. Nikaona bora nidanganye, nifue mpaka niirudishe. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini mimi nilishajifanya mjuzi mbele ya binti yule na mbele yako.

Umesema niandike chochote. Nakunakilia kilichoandikwa kwenye karatasi ya dalali, baada ya jina la mfuko ulilonipa: "aina: unaokusanya". Sijui kama inasaidia. Nilichagua huo kwa sababu nilitaka wa kunikusanyia mimi. Huo wa kugawa nilijua unagawa kwa watu, na mimi nimegawa vya kutosha.

Nisamehe.

Mama Wanga


24 Julai

Wifi yangu, Mama Wanga wangu, mchawi wa kola,

Pesa ipo. Nimeanza na hilo kabla ya salamu, na shetani wa adabu anisamehe. Pesa ipo yote. Haijapotea hata shilingi.

Barua yako nilifunguliwa na mlinzi hapa mlangoni kwa sababu niliogopa kuifungua mwenyewe. Nilipofika kwenye lile neno "unaokusanya" nikakaa kwenye ngazi za ofisi nikacheka, kisha kicheko kikageuka, nikalia mpaka mlinzi akaniletea maji kwenye kikombe chake mwenyewe.

Sikiliza. Unaokusanya maana yake hivi: kampuni zile mia na zaidi zikilipa gawio, mfuko haukutumii. Unalichukua, unanunulia hisa nyingine humo humo ndani. Unakikusanya chako ndani ya mfuko. Unawafaa watu ambao hawahitaji pesa leo, wanaosubiri uzee. Unaogawa ndio unaokutumia wewe mkononi. Kijana wa dalali alisema kweli, hautoi. Ila hakumaanisha umekufa. Alimaanisha umeshika. Gawio lako la mwezi wa tano halikwenda popote, limeongeza thamani ya vipande vyako. Bei nayo imepanda kidogo, ingawa ingeweza kushuka na nisingekuwa na la kujivunia.

Na tazama nilichokuandikia mwezi wa pili: "Wewe si mtoto, unajua unachotaka." Hivyo ndivyo tunavyosema hapa ofisini, kukusanya na kugawa, kila siku, mpaka tumesahau kwamba ni maneno ya watu. Kwa dobi kukusanya ni kupata kazi, na kugawa ni kuachia mikono mitupu. Umechagua kama mtu mwenye akili. Hata barua ile ya Machi ilinieleza, "sasa ni zamu yangu", nami nikaipita nikicheka gauni. Tumelichoma shati hili wote wawili.

Nenda kwa dalali. Mwambie uuze huo na ununue ule ule, aina inayogawa. Atakata ada yake, ndogo, na umuulize habari ya kodi ya serikali kabla hujasaini. Safari hii muulize kila kitu, wenye tai wasubiri. Ukiwahi kabla ya mwezi wa tisa utalipwa mwisho wa mwezi wa kumi. Haitatosha kila kitu, nakwambia mapema. Nimepiga hesabu kwa makadirio ya chini: kodi ya chumba cha kazi, na dawa zako. Mashuka yatoke leo, usisubiri mwezi wa kumi. Ile akiba ya benki niliyokwambia ubakize, ndiyo kazi yake hii.

Sasa na mimi. Umeniuliza tangu Januari nitakuja lini, nami nimekujibu kazi, kazi. Likizo ninayo, imelala. Wifi, siwezi kuingia nyumba hiyo. Huku mbali kaka bado yupo, ametoka kidogo tu, amekwenda stoo. Nikija nisimkute itakuwa kweli. Umeona sijamtaja kwenye barua hata moja? Naandika asilimia, naandika ada, kwa sababu nikimwandika yeye kalamu inasimama. Alikuwa akirudi kazini ananyoosha ngumi mbili, nichague mkono wenye peremende. Kumbe mikono yote ilikuwa mitupu, peremende iko mfuko wa kulia wa suruali. Kila siku. Nilijua kila siku, na kila siku nilichagua mkono.

Nenda kwa dalali. Kohoa taratibu.

Chiriku wako


5 Novemba

Chiriku,

Nakusalimu kwa vidole vikavu. Mjukuu wako anatembea, au tuseme anaanguka kuelekea mbele. Binti yako amezizoea ngazi. Na taa ya uani inawaka! Nilimlipa fundi mwingine. Mwanao aliposikia alikuja mbio na kile kifaa mkononi, akasimama chini ya taa inayowaka, sijawahi kuona mtu amemulikwa vizuri namna ile.

Gawio limeingia. La kweli. Safari hii sikuandika mpaka benki waliponichapia karatasi, nikaishika nikaisoma mbele ya mhudumu, nikamwambia airudie kwa sauti. Ni dogo kuliko nilivyokuwa nikiota na ni kubwa kuliko nilivyokuwa nikiogopa. Kodi ya chumba na dawa, kama ulivyosema, na kikabaki cha kununua chai. Binti wa kucha alinisaidia kubadilisha, akaniomba radhi kwamba hakunieleza. Nikamwambia, "Wewe uliuliza, mimi nilikuelewa kwa kidobi." Siku hizi akinipokea anasema, "Mama, tupindue?"

Mashuka nilirudisha wiki ile ile barua yako ilipofika. Meneja wa nyumba ya wageni akalalamika, nani atatufulia. Nikamwambia kuna mashine, haina mapafu. Nimebaki na suti na magauni ya harusi. Nakohoa asubuhi tu, na daktari amesema kifua kinasikiliza.

Kuna kitu sijakwambia, na hiki ndicho cha mwisho, sina kingine. Suruali ya kijivu ya kaka yako, ile aliyorudi nayo kutoka kazini siku ile ya mwisho, bado inaning'inia nyuma ya mlango wa chumba cha pasi. Sijaifua. Nimepindua mifuko ya mji mzima, nimetoa funguo za watu, tiketi za watu, pete ya mtu aliyesema hajaoa. Ya suruali hiyo nimeshindwa. Nikiweka mkono kiunoni pake mkono unarudi wenyewe. Na tangu uniandikie habari ya mfuko wa kulia, hata kuupita mlango huo napita upande.

Sikuulizi tena utakuja lini. Nimekueleza tu ilipo.

Mama Wanga


20 Novemba

Wifi,

Salamu kwa wote, na mwanangu fundi umeme apewe pole yake.

Nimekata tiketi. Nafika tarehe kumi na mbili mwezi ujao, jioni. Nikisimama mlangoni nikashindwa kuingia, nivute mkono.

Suruali usiiguse. Tutaishusha wote, tutaupindua ule mfuko wa kulia wote. Kama ni mtupu, tutalia, tutaifua, utaitia wanga. Na kama mna peremende moja tu, wifi, hiyo hatuikusanyi. Tunaigawa.

Chiriku